Msimbo uko wazi, lakini kifurushi kimetoka wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya makala iliyochapishwa mapema mwezi huu, iliyozihimiza shule, vyuo na halmashauri zetu kuachana na programu za kulipia leseni na kuhamia kwenye programu huria. Na ushauri wenyewe sina ugomvi, kwani mimi ni mtu wa programu huria tangu nikiwa mwanafunzi. Kilichonishikisha kalamu ni sentensi moja tu, ile iliyosema kwamba programu hizo ni salama kwa sababu msimbo wake, yaani maandishi ya maelekezo ambayo waandishi wa programu huyaandika, uko wazi na kila mwenye macho anaweza kuusoma. Kwa miaka tisa sasa nimekuwa miongoni mwa watunzaji wanne wa programu ndogo huria ya kupanga ratiba za vipindi shuleni, na sehemu yangu katika kazi hiyo si kuandika msimbo bali kutunza mitambo inayougeuza msimbo kuwa kitu ambacho mwalimu anaweza kukipakua, kukisakinisha na kukitumia. Kwa mtu aliyekaa upande huo wa kazi, sentensi ile imeruka hatua nzima.

Msimbo ni maandishi. Mwalimu wa taaluma hasakinishi maandishi. Anasakinisha kifurushi kilichokwisha kujengwa, na kifurushi hicho hakisomeki kwa macho ya mtu. Katikati ya maandishi na kifurushi ndipo ilipo karakana, kama sisi wenyewe tulivyozoea kuiita. Mmoja wetu akishatuma badiliko, hata liwe la mstari mmoja, kompyuta za kukodi zilizoko Ulaya au Marekani huamka zenyewe, huuchukua msimbo kutoka ghalani, yaani mahali pa wazi mtandaoni unapohifadhiwa, huzipakua maktaba zote (vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine) ambazo programu inazitegemea, huijenga programu upya tangu mwanzo kwa ajili ya Windows, macOS, Linux na Android, kisha huipitisha katika majaribio mia kadhaa tuliyoyaandika. Likishindwa jaribio moja, badiliko halipiti. Yakifaulu yote, na ikiwa tumekwisha kuamua kwamba siku ya kutoa toleo jipya imefika, karakana hiyohiyo huvitia vifurushi saini ya kidijitali, alama inayothibitisha vimetoka kwa nani, na kuvipandisha kwenye ukurasa wa kupakulia. Toleo likitoka vizuri hakuna anayejua kwamba karakana ipo, na ndiyo maana sikushangaa kuikosa katika makala yenu.

Anayedhani kwamba mitambo ikishajiendesha mtunzaji anaweza kwenda kulala, na atutembelee siku moja. Mifumo endeshi hii minne haikubaliani hata katika mambo madogo. Linux huhesabu Ratiba na ratiba kuwa mafaili mawili tofauti, ilhali Windows na macOS, kwa mpangilio wake wa kawaida, huyaona kuwa faili moja. Tuliwahi kutoa toleo lililofanya kazi vizuri katika kompyuta zetu wenyewe na kukataa kufunguka kwa kila mtumiaji wa Linux, kwa sababu ya herufi moja kubwa katika jina la picha ambayo majaribio yetu hayakuwa yakiigusa. Kifurushi cha Linux kilichojengwa kwenye Ubuntu 22.04, toleo moja la Linux, kinaweza kukataa kabisa kuanza kwenye Ubuntu 20.04, lililotangulia, kikilalamika kwamba hakioni toleo la maktaba ya C kinalolihitaji, hata kama katika msimbo wake hamna kitu kipya chochote; kwa hiyo anayetaka kuwahudumia wenye kompyuta za zamani hulazimika kujenga kwenye mfumo mkongwe kuliko yote anayokusudia kuihudumia. Wala kujenga kwa ajili ya mfumo fulani si lazima kufanyike ndani ya mfumo huo: ile VLC tunayoikuta katika vibanda vingi vya kuoneshea video hapa nchini, kifurushi chake cha Windows hujengwa kwenye kompyuta za Linux.

Lililotusumbua kuliko yote lilikuwa jaribio moja la tarehe. Mchana lilipita, usiku, ninapopata nafasi baada ya watoto kulala, lilishindwa, nikilirudia asubuhi, limepita. Nilibadilisha maktaba, nikamshuku mwenzangu, nikamwomba radhi, hadi nilipogundua kwamba lilikuwa likishindwa kati ya saa sita na saa tisa za usiku tu. Kompyuta zile za kukodi hufuata saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na kwa muda huo sisi tumekwisha kuingia siku mpya huku zenyewe zikiwa bado katika jana yetu. Programu ya ratiba inayoulizwa "leo ni siku gani?" ilikuwa ikipata majibu mawili, na kila jibu lilikuwa sahihi mahali lilipotoka. Marekebisho yalichukua dakika kumi. Kuyatafuta kulichukua siku kumi na moja.

Karakana pia huharibika bila ya mtu kuigusa. Miaka ya mwanzo tulitumia mitambo ya bure ya kampuni moja ya nje. Siku moja kampuni hiyo ikabadili masharti kwa barua pepe fupi, nasi tukakesha wiki tatu tukihamisha kila kitu kwenda kwingine. Huko tulikohamia nako, kompyuta za Ubuntu 20.04 ziliondolewa Aprili 2025, na ule ujenzi wetu wa kuwahudumia wakongwe ukasimama siku hiyohiyo ingawa hatukuwa tumebadilisha hata nukta. Apple walipoanza kuuza kompyuta zenye prosesa zao wenyewe mwishoni mwa 2020, kifurushi cha macOS kilihitaji kujengwa kwa prosesa za aina mbili. Maktaba ya Qt, ambayo sisi tunaitumia kuchora madirisha na vitufe, toleo lake la 6 lilitoka Desemba 2020 na halikubali tena Windows 7, kwa hiyo tangu hapo tuna njia mbili za ujenzi: moja ya Qt 6 kwa walio na kompyuta mpya, na nyingine ya Qt 5 kwa shule ambazo kompyuta zao zilitolewa na wafadhili zikiwa tayari zimechoka.

Kisha kuna saini, na hapa ndipo neno "bure" linapoanza kunikwama kooni. Ili macOS ikubali kukifungua kifurushi bila kumtisha mtumiaji, mtengenezaji anapaswa kujiandikisha kwa Apple na kulipa dola 99 kila mwaka. Kwa upande wa Windows, tangu Juni 2023 ufunguo wa siri wa cheti cha kutilia saini programu lazima ukae ndani ya kifaa maalumu cha usalama. Hilo ni jema, ila kifaa kilichochomekwa kwenye kompyuta yangu hapa Morogoro hakiwezi kufikiwa na mtambo ulioko Ulaya bila kulipia huduma nyingine katikati. Ada ya Apple tunachangishana. Cheti cha Windows hatujakinunua. Matokeo yake mwalimu akikifungua kifurushi chetu, Windows humwonya kwamba mchapishaji hajulikani, naye hubonyeza kitufe cha kuendelea kama tulivyomwelekeza katika mwongozo wetu. Yaani sisi, watu tunaojiita walinzi wa usalama wake, ndio tunaomzoesha kupuuza onyo. Kuhusu Android sina la kueleza zaidi ya kwamba ufunguo wake ukipotea, programu iliyokwisha kusakinishwa kwenye simu za watu haiwezi kusasishwa tena kwa saini nyingine, na mtumiaji atalazimika kuiondoa pamoja na ratiba zake zote. Nakala ya ufunguo wetu iko katika flashi mbili zilizofungiwa nyumba mbili tofauti, na mke wangu anajua moja iko wapi.

Sasa nirudi kwenye ile sentensi ya usalama. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi mmoja wa Microsoft aitwaye Andres Freund, ambaye pia ni mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba amekuta mlango wa siri ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili ambayo imo ndani ya karibu kila Linux. Hakuwa akiutafuta. Alikuwa akipima kasi ya jambo jingine, akaona kuingia kwenye kompyuta yake kwa njia ya SSH, programu ya kuingilia kompyuta kutoka mbali, kunachukua takriban sekunde 0.8 mahali ambapo zamani kulichukua 0.3, akaudhika na ile nusu sekunde, akafuatilia. Alichokikuta ndicho ninachotaka wasomaji wako wakielewe. Mlango ule ulikuwamo katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na mzigo wake ulifichwa ndani ya mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio. Lakini ule mstari wa kuuamsha, uliokaa katika faili moja la maelekezo ya ujenzi, haukuwamo kabisa katika ghala la msimbo ambalo "kila mwenye macho" angeweza kulisoma. Ulikuwamo katika kifurushi cha msimbo wa toleo peke yake, kile ambacho wajenzi wengine huanzia kazi na ambacho mtunzaji hukitengeneza na kukipandisha kwa mkono wake. Tena maelekezo yale yalijikagua kwanza: kama ujenzi haukuwa wa vifurushi vya Debian au vya RPM, mitindo miwili mikubwa ya vifurushi vya Linux, kwa kompyuta zenye prosesa za kawaida za x86-64, yalinyamaza kimya. Yaani mvamizi alikuwa ameilenga karakana. Wasomaji wa msimbo hakuwa na haja ya kuwaogopa.

Aliyefanya hivyo alijiita Jia Tan, na hakuvunja mlango kuingia. Alianza kutuma masahihisho mazuri tangu 2021, akasaidia kwa subira, akaaminiwa, hatimaye akakabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo. Mtunzaji wa asili, Lasse Collin wa Finland, alikuwa akiibeba xz karibu peke yake, na mwaka 2022, alipokuwa akisukumwa na watu wasiojulikana eti anachelewesha mambo, alikumbusha kwamba ule ni mradi anaoufanya kwa kujipendea, wala halipwi. Niliposoma habari hizo nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu mwaka uleule nami nilikuwa nimemwandikia mtu nisiyemjua, aliyetusaidia mara tatu au nne, nikimuuliza kama angependa kunipokea karakana. Hakujibu. Hadi leo sijui nishukuru au nisikitike.

Bahati njema ni kwamba matoleo yale yalikuwa yamefika hasa katika Linux za majaribio, kama zile za Debian na Fedora, si katika zile zinazoendesha seva za benki na hospitali. Lakini bahati haikaguliki, na ndiyo sababu wapo watu ambao kwa zaidi ya miaka kumi wamekuwa wakitafuta njia ya kukikagua kifurushi chenyewe. Debian walianza juhudi zao mwaka 2013, na Tor Browser, kivinjari cha kuficha utambulisho wa mtumiaji, ilikuwa imeshika njia hiyo mwaka huohuo: msimbo uleule ukijengwa na watu wawili wasiojuana, katika kompyuta mbili tofauti, utoe vifurushi vinavyofanana baiti kwa baiti, ili yeyote anayetilia shaka ajijengee mwenyewe na kulinganisha. Wazo hilo linasikika jepesi hadi mtu alijaribu. Tulipojenga programu yetu mara mbili mfululizo, katika kompyuta moja, tulipata vifurushi viwili visivyofanana: kimoja kilikuwa kimejiandikia saa yake ya kujengwa katika dirisha la "Kuhusu programu", mafaili yalikuwa yamepangwa kwa mfuatano tofauti, na katika mafaili matatu lilikuwamo jina la folda yangu binafsi. Kwa saa kuna dawa inayojulikana, nayo ni kigezo kiitwacho SOURCE_DATE_EPOCH, kinachoiambia mitambo yote itumie tarehe ya badiliko la mwisho la msimbo badala ya saa ya ukutani. Hayo mengine tulihangaika nayo kwa miezi. Leo vifurushi vyetu vya Linux na Android vinafanana kila vinapojengwa. Cha Windows bado.

Nisije nikaeleweka vibaya, ulinganishaji huo wa vifurushi peke yake usingeuzuia ule mlango wa xz, kwa kuwa wajenzi wote wangelianza na kifurushi kilekile cha msimbo kilichotiwa sumu na wote wangelipata matokeo yaleyale yenye sumu. Panahitajika pia kuthibitisha kwamba kifurushi cha msimbo kimetokana na ghala lililo wazi bila nyongeza yoyote. Mradi wa curl, programu huria ya kuhamisha data mtandaoni, unaoongozwa na Daniel Stenberg wa Sweden, ulilifanya hilo mwaka 2024: mtu yeyote anaweza kulichukua ghala lao, kukitengeneza kifurushi cha toleo mwenyewe, na kupata kilekile walichokitoa wao. Wengi wetu bado tuko mbali na hapo. Na mitambo yenyewe hutegemea vipande vya watu wengine: Machi 2025 kipande kimoja kiitwacho tj-actions/changed-files, kilichotumiwa na zaidi ya maghala 23,000 katika GitHub, tovuti inayohifadhi maghala ya msimbo, kiligeuzwa na mvamizi kikawa kinazimwaga siri za karakana, kama nywila na funguo, katika kumbukumbu za ujenzi. Walioandika "nipe toleo la namba fulani" waliletewa kilichogeuzwa, maana jina la toleo huweza kuhamishwa. Waliokwisha kuandika alama kamili ya badiliko waliloliamini walibaki na kile cha zamani. Sisi tulikuwa tumeandika alama katika vipande vyote isipokuwa kimoja, na hicho kimoja, kwa bahati yetu, hakikuwa kile kilichogeuzwa.

Kwa hiyo ninaloliomba kwa halmashauri na vyuo vilivyosomewa makala ile ni kwamba, pale wanapoweka kwenye mpango wa bajeti mstari usemao "programu huria, gharama sifuri", waandike chini yake saa za mtu. Ofisa TEHAMA apewe muda wa kupakua kifurushi kutoka kwenye ukurasa wa mradi wenyewe na kulinganisha alama yake ya SHA-256 (mfano wa alama ya kidole ya faili, inayobadilika faili likibadilishwa) na ile iliyotangazwa, kazi ya dakika mbili, badala ya mtindo tulionao wa kupitisha faili la kusakinisha kwa flashi kutoka ofisi hadi ofisi mpaka hakuna anayekumbuka nani alilipakua na lini. Aidha, taasisi inayotegemea programu fulani kwa kazi zake za kila siku imruhusu ofisa huyo kutumia siku moja kwa mwezi kujaribu matoleo tangulizi na kurudisha taarifa, kwa sababu hakuna karakana ya Ulaya yenye kompyuta ya namna ile iliyoko kwenye ofisi ya kata. Mfumo wa DHIS2, ambao takwimu za vituo vyetu vya afya hupitia, ni programu huria inayosimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo na hutoa matoleo mapya mfululizo; kila toleo likitoka, kuna mtu hapa nchini anayepaswa kulijaribu kabla ya zahanati kulikuta.

Vyuo navyo vina fungu lao. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na wengi wetu tuliona fahari. Mwaka uliofuata, Oktoba, OpenOffice.org wenyewe walitoa toleo lao la 2.0. Tafsiri iliyofanyiwa toleo moja haijipeleki yenyewe katika toleo linalofuata. Lazima awepo wa kuichukua, kuiingiza, kuijenga kwa kila mfumo endeshi na kuijaribu, mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeniandikia kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo huniambia kwamba msimamizi wake atampa alama kwa programu mpya aliyoiandika tu, si kwa kuufufua ujenzi uliokufa wa programu ambayo shule mia moja zinaitumia. Nimewapoteza vijana watatu wazuri kwa sababu hiyo.

Nimalizie na ombi dogo ambalo huenda gazeti lako likalifikisha kuliko ninavyoweza mimi. Mwezi Julai tunakusudia kuifunga ile njia ya Qt 5, kwa kuwa kuziendesha mbili kunatushinda, lakini hatutaki kuifunga gizani. Kompyuta yetu ya mwisho ya Windows 7 ya biti 32, ambayo tuliitumia kujaribia kila toleo kabla ya kulitoa, iliungua umeme uliporudi kwa kishindo mwezi wa tatu. Shule yoyote ambayo bado inapanga ratiba zake kwa kompyuta ya aina hiyo, tafadhali iandike kupitia kwako na kutaja ukubwa wa kumbukumbu yake. Na kama kuna aliye nayo moja inayowaka na asiyeihitaji, nitaifuata mwenyewe kwa basi popote ilipo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtunzaji wa programu huria,
Morogoro